Zeudi Araya: Binti wa Nyanda za Juu Aliyevishwa Bahari

Mji wa Dekemhare uko kusini mwa Asmara, kwenye uwanda wa juu wa Eritrea, takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Uko juu kuliko Mbeya mjini, na juu zaidi kuliko Iringa. Mtu wa Uporoto au wa Mufindi akifika huko ataitambua hewa yake siku ya kwanza: mchana jua linawaka lakini kivulini kuna ubaridi, jioni ikiingia watu wanajitanda mashuka meupe ya pamba, na hakuna anayeshangaa. Zeudi Araya alizaliwa huko mwaka 1951. Mwaka 1969 alitwaa taji la Miss Ethiopia, baadaye akafika Italia, akaonekana kwenye tangazo la kahawa, na mwaka 1972 akawa mwigizaji mkuu wa filamu iliyomjengea sura ambayo wapenzi wa sinema ya Kiitaliano ya zamani wanaishikilia hadi leo. Ni sura ya msichana wa kisiwani, mchanga miguuni, maji ya chumvi nyweleni, asiyejua baridi ni kitu gani.

Nani aliyemtoa mlimani akamweka ufukweni? Wahakiki wengi wakimzungumzia Zeudi huanzia kwenye uzuri wake, wengine kwenye aibu ya filamu zenyewe, maana zilikuwa filamu za mapenzi zenye miili wazi, zilizouzwa kwa mabango makubwa. Mimi naona tuanzie kwenye umbo: sauti iliyowekwa juu ya mdomo wake, mahali alipowekwa, muziki uliomtangulia, na mtu ambaye hadithi ilimpa haki ya kutazama. Humo ndimo alimobadilishwa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kuliona jambo hili upesi kuliko mtazamaji wa Roma, kwa kuwa tunajua kwa miili yetu kwamba Mwafrika na baridi si wageni.

Filamu ya kwanza iliyompa jina ni La ragazza dalla pelle di luna, yaani msichana mwenye ngozi ya mwezi, ya mwongozaji Luigi Scattini. Huyu Scattini alikuwa na malezi yake kabla ya kukutana na Zeudi. Alitoka kwenye zile filamu ambazo Waitaliano waliziita mondo, mtindo uliopata jina baada ya Mondo cane ya mwaka 1962: vipande vya mila za watu mbalimbali, halisi na vya kupangwa, vimeunganishwa bila hadithi, na juu yake sauti ya msimulizi wa kiume anayejua kila kitu. Afrika Mashariki iliupata mtindo huo kwa uchungu. Africa addio ya mwaka 1966 ilipiga picha Zanzibar kutoka angani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kuwageuza waliouawa kuwa maonyesho, huku msimulizi akimweleza mtazamaji ahisi nini. Scattini hakuitengeneza hiyo, lakini alitengeneza za aina yake. Mwaka 1968 alitoa Svezia, inferno e paradiso, kuhusu Sweden. Mtunzi wa muziki Piero Umiliani aliiandikia filamu hiyo Mah Nà Mah Nà, kile kibwagizo ambacho baadaye dunia nzima ilikijua kupitia vikaragosi vya televisheni ya Marekani.

Kwa hiyo Scattini alipofika Shelisheli na Zeudi, alikuwa na jicho la mondo na mtunzi wa mondo. Alichokiacha nyumbani ni msimulizi. Hadithi ni nyepesi: Alberto, mhandisi anayeigizwa na Ugo Pagliai, na mkewe Helen, anayeigizwa na Beba Lončar, wana ndoa iliyochoka. Wanakwenda visiwani kupumzika, na Alberto anakutana na Simone, yaani Zeudi. Tazama mpangilio huo. Filamu inaanza bila Simone. Kabla hajatokea tumeshapewa mgonjwa, tumeshapewa ugonjwa wake, na tunangoja dawa. Simone anapoingia anaikuta nafasi imeshachimbwa, na kazi yake ni kuijaza. Hana mama mwenye shida, hana deni dukani, hana asubuhi mbaya. Alberto ana historia, Simone ana mandhari.

Mwaka nao si wa bahati tu. Uwanja wa ndege wa Mahé ulianza kutumika mwaka 1971 na kufunguliwa rasmi mwaka 1972. Kabla ya hapo kisiwa kilifikiwa kwa meli. Shelisheli ilikuwa bado koloni la Uingereza, uhuru ukaja mwaka 1976. Filamu inafika pamoja na watalii wa kwanza wa ndege, na inatazama kama wao. Katika filamu za namna hii kamera husimama mbali, kisha lenzi inavuta taratibu mpaka mwili wa mtu unajaa kwenye fremu bila kamera yenyewe kupiga hata hatua moja. Mtazamaji anasogezwa karibu lakini haulizwi kama amekaribishwa. Muziki wa Umiliani, mtu wa jazi, unateleza chini yake kwa ulaini, hauna haraka, na ndio uliomrithi yule msimulizi wa mondo: unatuambia kwamba hapa hakuna kazi, hakuna wakati, hakuna jambo litakalomdhuru mtu.

Halafu kuna sauti ya watu. Katika Italia ya miaka ile filamu karibu zote ziliwekewa sauti studioni baada ya kupigwa, na mdomo wa mwigizaji mgeni kwa kawaida ulivishwa sauti ya mtu mwingine. Simone ni wa visiwa vinavyosema Krioli, mwigizaji wake ni wa nchi inayosema Kitigrinya, lakini kinachotoka ni Kiitaliano safi cha studio, hakina upepo wala mwangwi wa mahali. Mtazamaji wa Milano hakushtuka, maana hata nyota wa Marekani aliwasikia hivyo.

Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa au Kihesa ana shule nyingine kuhusu jambo hili. Hapa kwetu filamu ya kigeni ilikuja na DJ anayetafsiri. Mmoja wao, marehemu Lufufu, aliwajengea Watanzania sikio la kusikiliza filamu kwa namna hiyo: sauti ya asili inabaki chini, sauti ya msimulizi inapanda juu yake, anamtaja stelingi kwa jina, anaeleza kwa nini adui ana hasira, anamuonya binti asifungue mlango, mara anatoa mfano wa mtaani ambao mwongozaji wa filamu hakuwahi kuuota. Hakuna mtoto kwenye benchi aliyeamini kwamba yule Mchina au Mnigeria anasema Kiswahili. Sote tulijua kwamba sauti ni ya mtu wetu, picha ni ya wenzetu, na raha ilikuwa kwenye kuviona viwili hivyo vikivutana. Mshono ulikuwa wazi. Studio ya Roma iliushona kwa ndani, kwa ufundi mkubwa, na hapo ndipo lawama yangu inapoangukia. Kumwekea mtu sauti ni kazi halali ya sinema. Kuificha kazi hiyo, na kumwachia mtazamaji aamini kwamba msichana wa kisiwani amezaliwa akiwaza kwa lugha ya mgeni wake, ni kumnyang'anya mtu hata ule ugeni wake mwenyewe. Kwa Eritrea, iliyokuwa koloni la Italia kuanzia mwaka 1890 hadi 1941, jambo hilo lina uzito ambao kwa Shelisheli halina. Binti aliyezaliwa miaka 10 baada ya Waitaliano kushindwa vita pale kwao, katika mji ambao wao ndio walioujenga, anaonyeshwa kama mtu ambaye Italia inakutana naye kwa mara ya kwanza likizoni.

Mwaka uliofuata Scattini alitengeneza La ragazza fuoristrada, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Zeudi ni Maryam. Mwandishi wa habari wa Kiitaliano, anayeigizwa na Luc Merenda, anakutana naye Misri, wanapendana, wanaoana, na anamchukua kwenda naye kwao Ferrara.

Nusu ya kwanza tunaijua: jangwa, jua, mgeni mwenye macho ya kutafuta. Nusu ya pili ndiyo isiyokuwa na mfano katika kazi za Scattini na Zeudi. Ferrara ni mji wa tofali jekundu kwenye tambarare ya mto Po, mji wa ukungu wa kipupwe, wa barabara zenye kuta ndefu na madirisha yanayofunguka kidogo. Maryam akiwa pale, umbo lote la filamu iliyotangulia linakwama. Lenzi haiwezi tena kumvuta kutoka kwenye mandhari, kwa kuwa mandhari hayamchukui. Ufukweni mwili wake na mchanga vilipangwa viwe kitu kimoja. Ferrara kila ukuta unamtenga. Amevaa nguo za watu wazima, za mjini. Anatazamwa na majirani, na kwa mara ya kwanza tunaonyeshwa wanaotazama. Zamani jicho lilikuwa letu tuliokaa kwenye kiti, limejificha nyuma ya Alberto. Sasa lina sura, lina umri, lina midomo iliyobanwa, na linakaa mtaa wa pili. Ubaguzi unaoingia katika hadithi hiyo unaingia pia katika namna ya kupiga picha, na mtazamaji akiwa mkweli atajikuta amesimama upande wa majirani, maana naye ametoka kumtazama Maryam hivyohivyo kule jangwani.

Je, Scattini alikusudia hilo? Nadhani alikusudia nusu. Kuna jambo jingine ambalo nadhani mtazamaji wa Kiitaliano wa mwaka 1973 alilijua bila kuambiwa. Miaka mitatu kabla, Vittorio De Sica alikuwa ametoa filamu ya Il giardino dei Finzi Contini, iliyotoka kwenye riwaya ya Giorgio Bassani, kuhusu Wayahudi wa Ferrara waliotengwa kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938. Ferrara ilikuwa imeshakuwa, katika kumbukumbu ya sinema, mji ambao watu wastaarabu walifunga milango yao kwa adabu. Kumpeleka Maryam huko, kati ya miji yote, ni kuamsha kumbukumbu hiyo. Na mwaka mmoja kabla ya sheria hizo, Aprili 1937, Italia ilikuwa imetunga sheria ya kumfunga raia wake yeyote anayeishi kimapenzi na mwanamke wa makoloni ya Afrika Mashariki. Filamu hailisemi hilo, lakini ndoa ya Maryam, ikiigizwa na binti wa Eritrea, inatembea juu ya kaburi la sheria ile.

Kuna jambo moja ambalo filamu hii inalikosea, na linamhusu hasa mtu wa huku. Inataka tuamini kwamba Maryam anateseka Ferrara pia kwa sababu ametolewa juani. Baridi na weupe vinafanywa jambo moja, joto na weusi jambo moja, kana kwamba Mungu aliwagawia watu hali ya hewa kwa rangi. Lakini mwigizaji mwenyewe ni wa mlimani! Makete asubuhi ya mwezi wa saba, majani ya viazi yameungua kwa baridi, wanawake wamejifunga vitenge juu ya makoti wakielekea shambani. Mufindi ukungu unashuka juu ya chai na dereva anawasha taa saa nne mchana. Mtu wa hapa akimwona Maryam ndani ya koti hamwonei huruma kwa sababu ya koti. Anaona mwanamke aliyevaa sawasawa. Kinachomtesa Maryam ni watu, na filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingewaachia watu lawama yote bila kuigawia hali ya hewa. Hata hivyo kuna nyakati ambapo Zeudi anaonekana ametulia zaidi Ferrara kuliko alivyotulia kwenye ufuo wowote. Nyakati hizo ndizo zinazonifanya niamini kwamba palikuwa na mwigizaji ambaye waongozaji wake hawakumtafuta.

Il corpo ya mwaka 1974 inamrudisha kwenye joto, safari hii Karibi. Ni hadithi ya pembetatu ya mauaji, ya aina ambayo Wamarekani waliikamilisha zamani: mzee mlevi, Antoine, anayeigizwa na Enrico Maria Salerno, kijana aliyeajiriwa, Alan, anayeigizwa na Leonard Mann, na kati yao Princesa. Jina la filamu linamwita mwili, kama zile mbili za kwanza zilivyomwita msichana na kama La peccatrice ya mwaka 1975 ilivyomwita mwenye dhambi. Katika majina hayo yote hakuna lake. Lakini aina ya hadithi inamsaidia hapa. Hadithi ya mauaji inahitaji mtu ambaye hatumjui anawaza nini, na Zeudi anao uso huo. Utulivu ambao Shelisheli ulisomeka kama utupu, hapa unasomeka kama siri. Hajabadilisha kitu katika uigizaji wake. Kilichobadilika ni swali ambalo filamu inauliza mbele ya uso uleule. Hilo ndilo somo kubwa la umbo katika kazi zake zote.

Halafu kikaja kichekesho. Mwaka 1976 Sergio Corbucci alimweka pamoja na Paolo Villaggio, aliyekuwa ametoka kutikisa Italia kwa Fantozzi ya mwaka 1975, katika Il signor Robinson. Corbucci si mgeni kwetu. Ni yeye aliyetengeneza Django mwaka 1966, na filamu za kikauboi za Kiitaliano zilijaza majumba ya sinema ya Tanzania miaka ya 1960 na 1970. Hapa anaichukua hadithi ya Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1719, na kumfanya Robinson mfanyabiashara wa nguo wa Milano aliyevunjikiwa na meli, na Ijumaa akamfanya mwanamke. Nilitarajia filamu hii iwe mbaya kuliko zote. Kwa maelezo ni mbaya: mwanamke mweusi karibu bila nguo, mzungu anayemwandama. Kwa umbo ni kitu kingine. Kichekesho cha Villaggio ni cha mwili unaoshindwa: anajikwaa, anatoka jasho, anapiga domo bila kukoma. Kichekesho hicho kinahitaji mtu wa pili aliyesimama imara, na huyo ni Zeudi. Kila akinyamaza, ujinga wa yule mwingine unaongezeka. Maneno yote yako kwa mzungu na kicheko chote kinamwangukia mzungu. Ukimya aliopewa kama upungufu katika filamu za Scattini unageuka hapa kuwa nafasi ya juu, na Zeudi anaushika wakati wa kichekesho kwa usahihi ambao hauji kwa uzuri wa sura.

Nyingine nitazipita haraka. Katika Giallo napoletano ya mwaka 1979, ya Corbucci pia, yuko pamoja na Marcello Mastroianni na Ornella Muti, na nafasi yake ni ndogo. Mwaka huohuo kuna Tesoro mio ya Giulio Paradisi. Ya mwaka 1987, Control, ya Giuliano Montaldo, inastahili neno moja. Ni habari ya watu waliokubali kufungiwa ndani ya handaki la kujikinga na bomu la atomiki kwa majaribio, na humo wamo Burt Lancaster na Ingrid Thulin. Hamna bahari, hamna jua, kila mtu amepigwa taa ileile ya umeme. Zeudi ni mmoja wa kundi. Ilichukua miaka 15 na chumba kisichokuwa na dirisha ili apigwe picha kama wenzake.

Nikimlinganisha na Laura Gemser, mzaliwa wa Java, aliyepata jina kwa Emanuelle nera ya mwaka 1975 iliyopigwa hapa jirani, Kenya, tofauti inajitokeza yenyewe. Gemser alipewa kazi ya mpiga picha wa magazeti, akatua Nairobi na kamera yake shingoni, na kwa hiyo angalau hadithi ilimpa jicho. Lakini jicho hilo linaitazama Kenya kama mtalii yeyote, na Wakenya wenyewe wamebaki nyuma ya fremu, wanapita. Zeudi hakupewa jicho. Alipewa uso, na akaufanyia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Hana haraka ya kujibu. Mwenzake akimaliza kusema, yeye anakaa kidogo kabla uso haujabadilika, na kidogo hicho mhariri ameshindwa kukikata kwa sababu ndicho kinachoibeba picha. Sauti waliibadilisha, mahali wakambadilishia, jina wakamnyima, lakini mwendo wa uso hauwekewi sauti ya mtu mwingine. Ukizima sauti ya televisheni yako na kumtazama katika La ragazza fuoristrada, utaona mtu anayesikiliza. Waigizaji wengi wa filamu za bei nafuu za wakati ule wanangoja zamu yao ya kusema, yeye anasikiliza. Naliona hilo kuwa kipaji, na nasikitika kwamba hakuna mwongozaji aliyemjengea filamu nzima juu yake.

Baadaye aliolewa na Franco Cristaldi, mtayarishaji wa Amarcord na Nuovo Cinema Paradiso, na baada ya Cristaldi kufariki mwaka 1992 yeye mwenyewe aliingia upande wa utayarishaji. Aliyetazamwa akawa miongoni mwa wanaoamua nini kitazamwe.

Nawageukia wanaotengeneza filamu zetu. Mwigizaji kijana akitoka Tukuyu au Mafinga leo, hatua ya kwanza ni Dar es Salaam, na picha ya kwanza ya mapenzi atakayopigwa ni ufukweni, Kigamboni au Bagamoyo, kwa gauni jepesi. Waitaliano walikuwa na kisingizio cha ugeni. Sisi hatuna. Mpigeni picha binti huyo akiwa na sweta lake, Uyole, saa moja asubuhi, na sauti yake mwenyewe, lafudhi yake ikiwamo. Na kwa anayetaka kumjua Zeudi Araya, filamu ya kuanza nayo ni La ragazza fuoristrada, nusu ya pili, Ferrara.